Ndiyo Isiyo na Hofu

Sikio lilikataa tena.

Taa iliyokuwa nyeupe juu ya mlango iligeuka rangi ya tofali la kuchoma, na ile sauti tulivu, isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke, ikasema: "Sauti ya ukoo ina hofu. Haikupokelewa."

Bibi Zamda akabaki kitini, mikono mapajani, kama mtu aliyeulizwa jina lake akalisahau. Ndiyo alikuwa ameisema. Aliitoa kifuani, hakuitafuna, na kila aliyekuwamo chumbani aliisikia.

"Nimesema ndiyo," akaliambia lile tundu la ukutani.

Sikio halikuwa na desturi ya kubishana na watu.

"Bibi, umeisema kama mtu anayemeza mwarobaini," akasema mjukuu wake Siwema kutoka kiti cha pili. Alikuwa akicheka. "Hata mimi nisingekuamini."

"Ngoja nikuzalie mimi basi, mke mwenzangu, maana wewe kazi yako kucheka tu."

Daktari Mbano alikuwa amesimama ukutani, koti jeupe limefungwa vifungo vyote hadi shingoni, mikono nyuma. Alikuwa bado binti, hajafika hata umri aliokuwa nao mama yake Siwema alipokufa. Sheria ilimkataza kusema neno zaidi ya ndiyo yake wakati Sikio liko wazi, asije akaonekana anamsukuma mtu. Taa ilipozimika ndipo akapumua.

"Pole, bibi. Tutajaribu kesho asubuhi. Kesho ndiyo mwisho, kesho kutwa Sikio linang'olewa kwenda Tunduru."

"Likirudi je?"

"Litarudi mwakani." Daktari akamtazama Siwema, kisha akayaondoa macho. "Mapafu yake mwaka huu yanaruhusu. Mwakani sijui, bibi. Nisikudanganye."

Basi chini ya mtulinga wa Siwema, upande wa kushoto, palikuwa na kivimbe cha ukubwa wa korosho. Huyo ndiye Mlinzi. Siwema alizaliwa na siko seli, na Mlinzi alitiwa mwilini mwake angali mtoto, mwaka uleule serikali ilipoanza kuwatia watoto wote wenye ugonjwa ule. Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa akiionja damu yake usiku na mchana. Chembe zikianza kujikunja kama mundu, Mlinzi humwaga dawa kidogo, nazo hujinyoosha. Mtoto aliyekuwa akilia miguu na kifua hadi sauti inakauka, akakua, akasoma, akacheza mpira wa pete, akaolewa.

Lakini dawa ileile iliyomnyooshea damu ilikuwa sumu kwa mimba changa. Kwa hiyo Mlinzi alipewa kazi ya pili, kuufunga mji wa mimba. Na hilo hakuna aliyemwambia Siwema. Daktari wa watoto alimwona bado mtoto. Alipohamishiwa kwa daktari wa wakubwa, yule naye akadhani ameshaambiwa. Hata Bibi Zamda, nyakanga, mkuu wa unyago, ambaye nusu ya wanawake wa Masasi walikaa mkekani kwake wakafundwa mambo ya mwili wao, hakumpeleka mjukuu wake porini pamoja na wanawali wenzake, maana umande wa alfajiri na kucheza ngoma vingeuamsha ugonjwa. Huyu ni wa hospitali, watu walisema, hospitali itamfunda. Hospitali ikamtoa damu, ikampima figo, ikampa kadi. Siwema akaja kujua habari ya kufungwa kwake akiwa ameshaolewa, mawifi wameshaanza kumsalimia tumbo kabla ya uso.

Kumfungua kulihitaji sauti za watu watatu katika kikao kimoja. Mwenye mwili anaanza. Anafuata daktari. Kisha mkubwa wa ukoo wa mama, yule atakayeuguza likitokea la kutokea. Halafu mwenye mwili anarudia tena mwishoni, ili asije mtu mwingine akawa ndiye aliyesema la mwisho juu yake. Na kila sauti Sikio huisikiliza mle ndani, chini ya maneno, mahali ambapo koo hutetemeka mtu asipojua. Ndiyo yenye hofu si ndiyo. Ndivyo sheria ilivyosema, na sheria ile haikutungwa bure. Kulikuwa na ukoo uliomfunga binti yao maisha ili usisumbuke kumuuguza, na kulikuwa na wakwe waliomfungulisha binti wa watu kwa vitisho, akafa na tumbo lake. Watu waliandamana. Ndipo Sikio likaletwa.

Bibi Zamda mwenyewe aliandamana siku ile. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

*

Walipofika nyumbani, Nurdini, mume wa Siwema, alikuwa kibarazani amefungua pampu ya maji ya mtu, vyuma vimetapakaa kama samaki waliopasuliwa. Akawatazama nyuso.

"Limekataa," Siwema akasema.

"Neno lako au la bibi?"

"La bibi. Langu limepita kama kawaida. Mimi siogopi kitu."

Nurdini akajifuta grisi kwenye suruali. Alikuwa kijana asiyekubali kwamba kuna kitu kisichotengenezeka. "Bibi, tatizo lako ni dogo. Ni kama hii pampu, inaingiza hewa mahali fulani. Hebu kaa hapa. Nitakuuliza, ujibu haraka bila kufikiri. Unataka chai?"

"Ndiyo."

"Unataka iwe na tangawizi?"

"Ndiyo."

"Unataka mkweo nikununulie kanga?"

"Ndiyo, doti mbili, na isiwe ile ya kuchuja rangi."

"Unataka Siwema azae?"

Mdomo wa bibi ulifunguka. Neno lilikuwa pale, juu ya ulimi, limelala kama mbuzi aliyegoma njiani. Kuku akapita. Nurdini akaangalia chini, akaokota parafujo, akaitia mahali ambapo hapakuwa pake.

"Hewa," akasema polepole.

Siwema akamchukua bibi yake jikoni wakamenye mihogo. Maganda yakawa yanaanguka miguuni.

"Bibi, mimi si mjinga," akaanza. "Daktari amenieleza yote. Wakinifungua, Mlinzi ataacha kumwaga dawa. Atabaki kuonja damu na kupiga kelele tu. Watakuwa wananibadilisha damu pale kituoni, na maumivu yanaweza kurudi, na kifua kinaweza kubana. Wapo wanaokufa. Wengi hawafi. Nimesikia, nimeelewa."

"Najua umeelewa."

"Basi mbona unaogopa kwa niaba yangu?"

"Nani amekwambia ni kwa niaba yako?" Bibi akakata muhogo vipande viwili kwa nguvu kuliko ilivyotakiwa. "Naogopa kwa niaba yangu. Mama yako Somoe aliniambia hivyohivyo, amekaa hapohapo ulipokaa wewe. Mama, siogopi. Kifua kikambana mtoto akiwa bado tumboni, nikamshika mkono, na mkono nilioushika ukapoa, mimi bado naambiwa nisukume kitanda. Wote wawili wakaenda. Wewe ulikuwa na miaka mitano, unauliza mdogo wako yuko wapi."

Siwema akaokota muhogo mwingine. Alikuwa anamjua mama yake kwa picha na kwa ugonjwa aliomwachia.

"Wakati ule hakukuwa na Mlinzi," akasema.

"Hakukuwa."

"Wala damu ya kubadilisha."

"Ilikuwepo chupa moja, ikachelewa."

"Bibi." Akaweka kisu chini. "Tangu nipate akili, mwili huu ni wa kuugua na kupona, kuugua na kupona. Wanaupima, wanauandika, wanausifu umefanya vizuri. Nataka ufanye kitu kingine. Kimoja tu. Hata ukishindwa, uwe umeshindwa katika jambo langu mimi."

Kwa maneno kama hayo nyakanga angekuwa na wimbo. Bibi Zamda alikuwa nazo nyimbo za kila jambo la mwanamke, za damu ya kwanza na za uchungu, nyimbo ambazo mwali akiziimba husema hadharani lililomshinda kusema faraghani. Akazipekua zote moyoni, moja moja, kwa uvumilivu wake wote, kama mtu anayetafuta sindano kwenye pishi ya mchele. Hakuuona hata mmoja uliotungwa kwa ajili ya huyu.

"Nataka uzae," akasema mwishowe. "Wallahi nataka."

"Najua, bibi. Ila koo lako halijui."

*

Asubuhi kituoni wanawake walikuwa wameshajaa barazani, kila mmoja na zamu yake na ugonjwa wake: wa kisukari, wa moyo, wa kifafa, mabinti wadogo na wakubwa wao. Kituo kilijengwa ubavuni mwa jabali, ili mwamba uwapoze watu bila kutumia umeme, na Nurdini akabaki pale nje kwenye ubaridi, maana waume hawakuruhusiwa mbele ya Sikio.

Ndani, kabla ya kuketi, bibi akamkabili daktari.

"Mwanangu, nikuulize. Wewe umesoma. Mimi darasa la nne niliacha kwenye kugawanya. Nimefunda wasichana tangu mama yako hajazaliwa. Sijaona hata mmoja aliyekwenda kujifungua bila hofu. Hata yule aliyekuwa na viuno vya kupitisha ng'ombe, aliogopa. Mkitaka ndiyo isiyo na hofu kwenye jambo la kuzaa, mtaipata kwa nani? Kwa mwanamume?"

Daktari Mbano akacheka kidogo, kicheko kikaishia njiani. "Nililisema hilo mbele ya wakubwa wangu, bibi. Wakaniambia, tukilegeza, wale wakwe wenye vitisho watapita hapohapo. Nikakosa la kujibu. Mpaka leo sina."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sina, bibi. Mashine haina kitufe cha huruma. Nimekitafuta."

Wakakaa. Taa ikawa nyeupe. Sikio likauliza, na Siwema akasema ndiyo yake, nyepesi, imenyooka. Ikapokelewa. Daktari akasema yake. Ikapokelewa.

"Sauti ya ukoo," likasema Sikio. "Utajibu utakapokuwa tayari."

Bibi Zamda akafungua mdomo, akaufunga. Alijua kabla ya kusema. Aliisikia ile hofu imekaa kooni kama mgeni aliyemaliza siku zake na haagi. Akamtazama mjukuu wake. Akamtazama daktari. Machozi yakaanza kumtoka, na kila chozi alijua ni la hasara, maana kilio nacho Sikio hukisikia.

Ndipo daktari akafanya jambo ambalo halimo katika kazi yake. Akafungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, akalivua, akalitundika kwenye msumari wa mlango. Ndani alikuwa amevaa gauni la maua tu, kama binti yeyote wa sokoni.

"Bibi," akasema, "ndani ya lile koti nimefungwa mdomo. Sasa nimelivua. Nani amesimama hapa?"

Bibi akajifuta pua. "Daktari."

"Koti hilo pale ndilo daktari. Mimi nani? Ukoo wangu ni Mbano, kwetu Songea."

Bibi akamtazama vizuri. Kitu kikamgusa pembe ya mdomo. "Mngoni," akasema. "Mtani wangu. Mjukuu wa wezi wa mahindi."

"Eeh! Na wewe?"

"Myao."

"Myao wa mbio! Babu zangu walipopita hapa babu zako walipanda jabali hili hili, wakakaa juu kama nyani, wanapokezana kuchungulia. Naona wewe hujashuka mpaka leo!"

"Koma, mtwana wee! Tulipanda juu kukwepa harufu yenu."

Kwa watu wale, mtani hakasirikiwi wala hakatazwi. Mtani ndiye anayeingia kwenye msiba watu wamevimba macho, akavaa kofia ya marehemu, akatembea kama marehemu, akadai kuku, mpaka mjane mwenyewe anashika mbavu. Bibi Zamda alikulia katika hayo. Mwili wake uliyajua kabla ya akili yake, na pale kitini mabega yake yakaanza kushuka.

Mngoni akaona. Akajitupa sakafuni, chali, pu! Akakunja mikono kifuani, akavibana vidole gumba vya miguu pamoja, akafumba macho.

"Mimi ni hofu ya Zamda," akatangaza kwa sauti ya puani. "Nimekufa leo asubuhi. Nimekufa kwa njaa, enyi watu! Myao huyu bahili amenilisha machozi matupu miaka yote, hata kisamvu hakunionjesha. Sizikwi ng'o mpaka nipewe haki yangu. Nataka jogoo! Nataka na sanda, na isiwe kanga ya kuchuja!"

"Nyamaza, maiti haisemi!"

"Ya Kingoni husema. Ya Kiyao ndiyo hunyamaza hata ikiwa hai!"

Kicheko kikamtoka bibi kama chungu kinachofurika. Alicheka akapiga mapaja, akainuka, akavua kanga yake ya juu akamtupia daktari usoni, akaitandaza mpaka magotini, anamfunika huku anamtukana. "Haya, sanda hiyo! Lala, jini mkubwa, uoze huko, tupumzike!" Daktari mtu mzima, msomi, amefunikwa sakafuni, vidole vya miguu viko nje, na chini ya kanga tumbo linamcheza kwa kucheka. Barazani walisikia, na wao wakaanza kuchekea kicheko wasichokijua.

"Sauti ya ukoo," likasema Sikio. "Je, unakubali Siwema binti Somoe afunguliwe njia ya uzazi?"

"Ndiyo! Afunguliwe! Azae, azae hata Wangoni!"

"Sauti ya ukoo imepokelewa."

Bibi akashika kifua. Palikuwa patupu. Miaka yote ile, na sasa pamefagiliwa kama ua wa sikukuu. Alitaka kumwambia mjukuu wake, unaona, unaona! Akageuka.

Siwema hakuwa anacheka.

Alikuwa amekaa wima kwenye kile kiti cha pili, mikono imeshika magoti, na macho yake yalikuwa sakafuni. Hayakumtazama daktari. Yalitazama kanga, na ile miguu miwili iliyotokeza. Bibi akafuata macho yale, na akaona walichokitengeneza. Mtani halali chini mahali pasipokuwa na kifo. Siwema hajawahi kwenda msibani kuona watani wakicheza, maana kwenye misiba watu hukesha nje na baridi, naye ni wa hospitali. Mtu aliyefunikwa kanga sakafuni alimwona mara moja tu maishani, akiwa na miaka mitano, akainua upindo wa kanga kabla watu wazima hawajamwahi.

"Mbano, inuka," bibi akasema. "Inuka, inuka haraka!"

"Mwenye mwili," likasema Sikio. "Je, unakubali ufunguliwe njia ya uzazi?"

Siwema akalamba midomo.

"Ndiyo," akasema. Ilitoka safi. Hata bibi, aliyejua koo za wasichana, hakusikia mkwaruzo ndani yake.

Taa ikageuka rangi ya tofali.

"Sauti ya mwenye mwili ina hofu. Haikupokelewa. Kikao kimefungwa."

Daktari aliinuka na kanga ikining'inia begani, nywele zimemsimama. Akakimbilia ukutani. "Rudia swali. Nasema rudia! Mimi ndiye msimamizi wa kituo." Akalipiga lile tundu kwa kiganja. Akalipiga tena. Lilikuwa tundu tu.

"Bibi, nimesema ndiyo," Siwema akasema. "Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

"Si nimesema vizuri? Sikutaka kusema hapana. Mimi siogopi kitu, unajua, mimi siku zote..." Akashika koo lake kwa vidole viwili, pale juu kidogo ya Mlinzi, kama anayetafuta kitu alichomeza. "Sijui kimetoka wapi."

Bibi alijua kimetoka wapi. Kilikuwa kwake. Alikibeba tangu siku ya Somoe, na kwa kuwa alikibeba yeye, mtoto alitembea mikono mitupu. Sasa amekitua, na kimeokotwa. Akapiga magoti mbele ya kile kiti, akaishika mikono ya Siwema, baridi kama mwamba wa nyuma yake. Alitaka kukichukua tena, akirudishe kooni kwake, akae nacho mpaka afe. Akakikaribisha kwa moyo wote. Hakikuja.

"Mwakani," daktari alikuwa akisema kwa sauti ndogo, anavaa koti, vifungo vinamkataa. "Mwakani, nitawaandika wa kwanza..." Akaacha katikati, maana yeye ndiye aliyeyapima yale mapafu.

Nje, barazani, walikuwa wamesikia vicheko vikikatika ghafla, wakaelewa vile walivyotaka kuelewa. Sauti ya Nurdini ikapaa, "Imepita! Nimewaambia, hewa imetoka!" Na mwanamke mmoja akapiga kigelegele, wa pili akampokea, kisha baraza zima, wagonjwa na wakubwa wao, mpaka jabali likarudisha mwangwi.

Mle ndani wote watatu walisikia. Kila mmoja alimtazama mwenzake aende akawanyamazishe, na hakuna aliyepata miguu.